Stroberi: miche ya mizizi mitupu au ya trei?

Kwa bei, mizizi mitupu inashinda. Ni miche iliyoota kwenye vitawi vinavyotambaa, ikang'olewa kwenye shamba mama bila udongo, myepesi hata kupanda nayo bodaboda hadi milimani Kabale, Uganda. Lakini mizizi hukauka upesi: ikikaa juani nusu siku tu, mingi hufa, na inayopona hujiuguza kwanza kabla ya kukua. Ya trei, inayouzwa na udongo wake mizizini, ni ghali na mizito, ila hushika ardhi haraka na huwahi kuzaa.

Kwa virusi yote ni sawa: mmea mama wenye virusi huzaa miche yenye virusi. Linaniuma, maana wanunuzi wengi hawaulizi.

Ukipanda mvua za Machi zikikolea, mizizi mitupu inatosha. Ukipanda kiangazi na maji ni ya kubeba kwa jerikani, nunua ya trei.