Mswada wako: mhariri wa Dar au wakala wa London?

Uko Dodoma, riwaya ya Kiswahili imekamilika. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji Dar es Salaam anasoma lugha yako, na akikuita kikao unapanda treni ya SGR na kurudi siku hiyohiyo. Ila mkataba utajadili mwenyewe, kwa hiyo uliza mapema: mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia ngapi, unalipwa lini, na haki za tafsiri zinabaki kwa nani?

Wakala wa London, yaani anayewauzia wachapishaji kitabu kwa niaba yako, anakujadilia hayo yote. Kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mapato ya soko la kwao na 20 ya mauzo ya nje. Akidai ada ya kusoma mswada, achana naye. Wakala wa kweli hula ukiuza. Shida ni kwamba anataka barua ya ukurasa mmoja ya kutambulisha kitabu, muhtasari na sura za mwanzo, vyote kwa Kiingereza. Mfasiri mzuri si bei ya maandazi.

Barua ndiyo inayoangusha wengi, huku na kule. Wanaanza na “tangu utotoni napenda kuandika”. Nani kauliza? Anza na mhusika: mkulima wa zabibu Hombolo, mvua imeshuka wiki ya mavuno, na marejesho ya mkopo ni Ijumaa. Mhariri atataka kujua Ijumaa ilikuwaje.

Mimi ningeanza na Dar, ila nisingesaini kumpa mchapishaji haki za tafsiri. Wakala atazihitaji baadaye.