Mawe ya matumbawe ya kukata, timbo la Kilifi: mazuri ila yapimwe kwanza

Jina la timbo siweki, liko upande wa Kilifi, nimejengea ukuta wa uani kwa mawe yao. Jiwe lenyewe huku pwani sioni la kulishinda, hata tofali la simiti likae pembeni. Shida ni kwamba wanachanganya mawe ya matabaka tofauti kwenye lori moja na bei ni ile ile.

Jiwe zuri ukilitazama kwa karibu vile vinyota vya matumbawe bado vimo, na ndani ya vitundu kuna chembe zinametameta jua likipiga. Hizo chembe ndo nguvu yake. Matumbawe yakiwa hai yanajijenga kwa aragonaiti, aina ya madini ya chokaa ambayo maji ya mvua huwa yanaila polepole. Sasa bahari ilikuwa juu kuliko leo, kama miaka 125,000 iliyopita, ikashuka matumbawe yakabaki nchi kavu, mvua ikawa inanyesha juu yake, maji yakipita kwenye udongo yanabeba kaboni dayoksaidi yanakuwa asidi kiasi, yanayeyusha aragonaiti hapa, yanaenda kuacha kalisaiti, aina nyingine ya madini ya chokaa (ndo zile chembe), kwenye vitundu vya pale, na hiyo kalisaiti ndo inagandisha mchanga, magamba ya konokono na kila kitu. Palipopata ya kutosha, jiwe ukiligonga nyundo linalia ngaa. Palipopata kidogo linasema bufu na unga unabaki mkononi.

Kuna watu wanapima kwa ndimu, wakiona povu wanasema jiwe safi. Yote mawili yanatoa povu jamani, shikeni nyundo.

Wanaolalamika ati jiwe limekuja laini na bichi, hapo timbo halina kosa. Likitoka chini lina maji, yale maji yakikauka yanaacha kalisaiti kidogo usoni, so linazidi kukaza likikaa nje. Liache likauke kabla fundi hajapanga. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa mawe ya matumbawe na bado mnaiona.

Huduma sasa, mh. Dereva alibinua lori badala ya kushusha kwa mkono, pembe kibao zikavunjika na hakuna aliyesema pole. Nyota tatu. Ukienda, simama mwenyewe wakati wa kupakia, na yale ya bufu waambie wayarudishe kabla hujatoa pesa, huwa wanabadilisha bila kelele.