Gereji ya rejeta Gerezani: walipima kwanza, ndipo wakashika spana

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, na kwa karibu mwaka mzima gari hilo lilikuwa likipunguza maji ya rejeta bila kuacha tone hata moja chini linapoegeshwa. Nilipita kwa mafundi wawili huku Kimara kabla sijaelekezwa kwenye gereji ndogo ya rejeta iliyopo Gerezani, hapa Dar es Salaam, nyuma ya maduka ya spea, isiyo na bango wala jina ukutani. Ninaandika tathmini hii kwa sababu kazi waliyonifanyia pale ndiyo ambayo kila mwenye gari linalochemsha anastahili kufanyiwa, na wengi wetu hatuipati.

Gari lilinishinda kabisa kwenye mlima wa Kitonga. Tulikuwa tukienda Iringa, watu watano na mizigo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mikumi na Ruaha Mbuyuni tulipita salama, lakini katikati ya zile kona, nyuma ya lori lililopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, taa nyekundu ikawaka. IST yangu haina geji ya joto yenye mshale; ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi, kwa hiyo dereva haoni joto likipanda, bali anajulishwa wakati hatari imekwisha kufika. Utingo wa lori lile ndiye aliyeuzuia mkono wangu nilipotaka kufungua kifuniko cha rejeta, na namshukuru hadi leo, maana maji yale yangenirukia usoni. Alituambia tusubiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa bila kuunguza. Tulisubiri zaidi ya saa moja.

Kabla ya safari hiyo, fundi wa kwanza alikuwa amemimina ndani ya rejeta dawa ya kuziba matundu, kisha akatoa themostati, yaani mlango mdogo unaozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, akisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi na huku kwetu hakina kazi. Maneno hayo wenye magari wengi wameyasikia. Baada ya hapo taa ya bluu ilikuwa haizimiki asubuhi mpaka nikaribie Ubungo, na mafuta yakawa yanaisha haraka kuliko zamani, nami sikuyahusisha mambo hayo na themostati iliyotolewa. Fundi wa pili, niliporudi kutoka Iringa, alitazama gari kwa dakika kumi akatamka kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imekwenda, na kwamba injini ifunguliwe kwa shilingi 450,000, spea mbali. Hakupima chochote.

Gerezani nilimkuta mzee anayesimamia vijana watatu. Nilipomaliza kumwamkia na kuanza kumweleza habari ya gasketi, alinikatiza kwa upole: "Dada yangu, hayo ni majibu. Hebu kwanza tuliulize gari." Injini ilipokuwa imepoa kabisa, kijana mmoja alijaza maji hadi juu, akaondoa kifuniko cha rejeta na mahali pake akafunga pampu ndogo ya mkono yenye geji, akapampu mpaka mshale ukafika kwenye alama ya 1.1, kisha akaiacha. Tulisimama wote tukiutazama mshale ule. Ulianza kushuka polepole, kama mkono wa saa, na mzee akaingiza kioo kidogo na tochi upande wa juu wa rejeta, akaniita nione mwenyewe. Kwenye tangi la plastiki, karibu na shingo inapoingia mpira wa juu, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kuuzunguka kulikuwa na ukoko wa waridi, alama ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupooza injini, iliyokaukia hapo siku nyingi. Ufa huo ulifunguka tu presha ilipopanda. Injini ikiwa ya moto, kile kidogo kilichovuja kilikauka palepale juu ya rejeta, na ndiyo sababu sikuwahi kuona tone sakafuni.

Kifuniko nacho kilipimwa kwa pampu ileile, kikashindwa kushika hata nusu ya presha iliyoandikwa juu yake. Hapa ndipo mzee alipotumia muda mwingi kunieleza, na maelezo yake yalinifungua macho kuhusu Kitonga. Kifuniko kile kinachoandikwa 1.1 hushikilia presha ya takriban kilopaskali 108 juu ya ile ya hewa, na katika presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Kifuniko kikilegea, faida hiyo yote inapotea. Maji yatachemka kwenye nyuzi 100 hapa Pwani, na ukipanda kuelekea Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari langu lilikuwa likivumilia foleni za Dar es Salaam kwa shida. Mlimani, likiwa na mzigo na upepo kidogo wa kupooza rejeta, lisingeweza kuvumilia. Kipande cha chuma na mpira cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo ule hakuna fundi aliyewahi kukigusa.

Kuhusu gasketi ya hedi, walipunguza maji kidogo, wakaweka kwenye mdomo wa rejeta kichupa chenye kimiminika cha bluu, injini ikiwa inanguruma, wakavuta hewa ya ndani ya rejeta ipite katikati ya kimiminika hicho. Kama moshi wa injini unapenya kuingia kwenye maji, rangi hugeuka kuwa njano. Yangu ilibaki bluu. Niseme wazi kwamba dakika ile nilikuwa karibu kulia, kwa sababu wiki moja kabla nilikuwa nimeanza kutafuta mkopo wa kufungulia injini isiyo na kosa.

Nilipouliza kama ufa ungezibwa kwa gundi, kwa kuwa gereji nyingi hufanya hivyo, mzee alikataa, akasema gundi itashika mpaka siku nitakayopanda mlima. Rejeta ya zamani ilipofunguliwa, ile dawa ya kuziba ilitoka kama matope ya kahawia, nayo ilikuwa imeziba vijia kadhaa vya maji. Waliniuzia rejeta mpya, kifuniko kipya na themostati inayofunguka kwenye nyuzi 82, wakasafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, kisha wakajaza kulanti ya waridi iliyokwisha kuchanganywa kiwandani. Dumu la lita tano lilibakiza kidogo tu. Walinionya nisiongezee maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi na hula aluminiamu, na nisinunue kulanti kwa kutazama rangi peke yake, kwa maana kila kampuni huchagua rangi yake. Mwisho waliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, wakangoja hewa itoke na feni iwake na kuzima mara mbili, ndipo wakafunga.

Nililipa shilingi 310,000 kwa jumla, vipimo vikiwemo. Si bei ndogo, ila ni chini ya ile niliyotajiwa kwa kufungua injini tu, na kila shilingi niliona imekwenda wapi. Dosari zipo, na nilimweleza mzee mwenyewe. Niliahidiwa gari kesho yake asubuhi, nikalipata jioni bila kupigiwa simu. Hakuna mahali pa mteja kukaa isipokuwa benchi moja lililo juani. Risiti niliandikiwa kwa mkono baada ya kuiomba, na dhamana ya miezi mitatu ya rejeta ilitajwa kwa mdomo tu mpaka niliposisitiza iandikwe nyuma ya risiti hiyo. Spea zako za zamani usipozidai hubaki pale, na mimi nashauri uzidai, hasa kifuniko.

Ni mwezi wa tano sasa tangu kazi hiyo ifanyike. Taa ya bluu inazimika kabla sijatoka Kimara, na kwenye chupa ya akiba maji hayajashuka chini ya ule mstari niliouchora kwa kalamu siku nilipokabidhiwa gari. Mwezi wa pili baada ya kazi hiyo tulikwenda tena Iringa, idadi ileile ya watu, tukapanda Kitonga nyuma ya malori mawili. Ukienda Gerezani, fika kabla ya saa tatu asubuhi na injini ikiwa imepoa, kwa sababu hawafungui kifuniko cha gari la moto hata ukiwabembeleza.