Gundam tatu kwenye zidaka vya bibi, na moja imenipunja

Ami yangu huchonga majahazi madogo ya mapambo kule Matondoni. Ukimletea kazi ya mtu mwingine, cha kwanza kutazama ni kamba. Kamba ikiwa nene mno kwa mlingoti wake, basi, chombo hakitazamiki tena, hata mbao zipigwe msasa vipi. Kwa jicho hilohilo nimezikagua sanamu zangu tatu za RX-78-2, roboti mkuu wa katuni ya Kijapani ya Gundam, zilizopangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vya ukumbi wa bibi hapa Lamu.

Hesabu si ngumu. Katika hadithi yake roboti hii ina urefu wa mita 18. Kwa hivyo ya 1/144, yaani iliyopunguzwa mara 144, inatakiwa iwe sentimita 12.5, ya 1/100 sentimita 18, ya 1/60 sentimita 30. Nikachukua rula. RG (Real Grade) ya 1/144 na MG (Master Grade) ya 1/100, zote mbili za kuunda mwenyewe kwa vipande, ziko sawasawa. Ya tatu ni sanamu ya PVC, aina ya plastiki, iliyokuja imeshaundwa, niliyoinunua kwa muuzaji mmoja mtandaoni. Boksi limeandikwa 1/60, lakini toka kisigino hadi utosi ni sentimita 26, yaani karibu 1/69. Nimemwandikia muuzaji, hajajibu mpaka leo.

Urefu ningeusamehe. Kilichoniuma ni mikono: vidole vimegandana, na rangi ya manjano ya kifuani imevujia kwenye buluu. Halafu ile mistari ya kuonyesha maungio ya bamba ina upana wa milimita nzima. Kwa 1/60, milimita moja ni sentimita 6 kwenye roboti yenyewe, ufa wa kupitisha mkono wa mtoto! Ndiyo ile kamba nene ya ami.

RG ni jambo jingine kabisa. Aina hii ilianza 2010, miaka 30 tangu vifaa vya kwanza vya Gundam vitoke Japani. Nyeupe yake si moja, ni plastiki za weupe tofauti kidogo, kwa hivyo bamba linaonekana limeungwa na bamba jingine bila tone la rangi. Ukikunja goti, magamba yanasogea na mifupa ya ndani inajitokeza. Stika zake ni kama punje za ulezi. Usiku wa kuzibandika kwa kibano nilizima feni, na ilikuwa Kaskazi, jasho linanitiririka hadi kwenye viwiko.

MG inakaa vizuri zaidi mkononi, na kifua kinafunguka ukamwona rubani. Mdogo wangu haitaki nyingine.

Wenzangu wa pwani, angalieni joto. PVC hulegea, kufika Machi sanamu ilikuwa imeinama kifundoni kama mtu anayetafuta kiatu. Niliutia mguu maji ya moto, nikaunyoosha, nikauzamisha kwenye maji baridi, ukashika. Chuma cha kitako nacho kimeshapata kutu. Zile mbili za kuunda mwenyewe hazijapinda, ila nimeziweka mbali na mwanga wa kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, maana jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano.

Mwenye pesa ya moja tu, achukue RG. Ijumaa ami alipita kutusalimia. Sanamu kubwa aliipa jicho mara moja tu. Ile ndogo aliishika, akaikunja goti, akalikunjua, kisha akamtuma mtoto amletee miwani.