Prado 95 ya petroli kwa familia ya watu wanane: miezi 14 kati ya Moshi na Kibosho

Tulikuwa na Noah. Kwa miaka sita ilitubeba mimi, baba watoto, watoto wetu wanne, mama mkwe na binti anayenisaidia nyumbani, na kwenye lami sijawahi kuilalamikia. Shida ilikuwa kilometa tatu na nusu za mwisho kwenda kwa mama mkwe, Kibosho, pale lami inapoishia na udongo kuanza. Masika ya mwaka juzi tulikuwa tunamrudisha nyumbani baada ya upasuaji wa goti. Noah ikagoma kwenye kona ya pili, ikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mtaroni. Vijana wa jirani wakambeba mama kwenye kiti cha plastiki hadi mlangoni kwake, mvua ikimpiga. Usiku ule tulikubaliana: tunauza Noah, tunaongeza mkopo wa SACCOS, tunatafuta gari kubwa lenye viti vinane na magurudumu manne yanayovuta. Jumla tulipata milioni 26. Kila kitu kilipaswa kuingia humo: gari, matengenezo, bima, umiliki.

Kwa pesa hiyo machaguo si mengi. Kluger ya viti saba ni starehe, ila iko chini, tena ni gari la lami. Pajero nyingi za petroli za miaka ile zina injini ya GDI, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali hazioshwi na mafuta na masizi yanajaa. Fundi wangu alinikataza bila kusita. Patrol ni jitu la kazi, ila ile ya dizeli ya 4.2 inayosifiwa hatukuiona kwa bei yetu, na zile za 3.0 za mwanzo zina historia ya kuunguza pistoni. Prado 120, toleo lililofuata, ilituzidi uwezo. Ikabaki Prado 95, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Hata iliyo changa kuliko zote, basi, ina zaidi ya miaka 20, na ukiinunua lazima ukubali unanunua mzee.

Kilichonipa moyo ni mahali tunapoishi. Arusha, jirani yetu sisi wa Moshi, ni mji wa Land Cruiser za watalii. Mafundi waliokulia chini ya magari yale wako wengi, na spea za Toyota zinapatikana bila kuagiza Dar. Fundi niliyemtumia ana gereji ya uani, Unga Limited, na amefunga na kufungua injini za magari ya porini tangu akiwa kijana. Nilimlipa siku zake na nauli kila tulipokwenda kutazama gari. Katika pesa zote nilizotoa, hiyo ndiyo nisiyoijutia hata senti moja.

Sasa niseme jambo linaloniuma, maana naona watu wakipoteza pesa kila siku: namba. Sisi Watanzania tunanunua gari kwa herufi inayofuata tarakimu kwenye namba ya usajili. Dalali anafungua mdomo na neno la kwanza ni, "Mama, hii ni namba D, bado mbichi kabisa." Namba D inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haikwambii lilitengenezwa lini, wala liliteswa vipi. Prado ya 1997 iliyokaa Japani miaka mingi ndipo ikaletwa itakuwa na namba D, na ya 2000 iliyoletwa mapema itakuwa na namba B. Umri halisi uko kwenye kadi ya gari. Injini nayo ina alama yake kwenye namba ya chasisi: KZJ95 ilizaliwa na dizeli ya 1KZ, KDJ95 na dizeli ya 1KD, VZJ95 na petroli ya V6 ya 3.4, RZJ95 na petroli ya silinda nne ya 2.7. Kama chasisi inasema KZJ na chini ya boneti kuna petroli, injini ilibadilishwa, na kadi isiyosema hivyo itakusumbua TRA.

Gari la kwanza lililotuvutia lilikuwa namba D, hapa hapa Moshi. Dizeli ya 1KZ, jeupe, rangi mpya inang'aa, viti vimevalishwa ngozi, bei milioni 25. Baba watoto alishalipenda akiwa bado getini. Tulifika saa moja asubuhi kama tulivyoagana. Fundi hakusalimia sana, alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Mama, hili limewashwa tukiwa njiani. Injini ikishapata moto haikwambii kitu. Turudi jioni."

Dalali akasema alilisogeza tu ili alioshe. Tukarudi saa kumi, limepoa. Fundi akafungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, akanionyesha: maji ya kahawia kama chai ya rangi, na juu yake utando wa mafuta. Akaniambia nisimame nitazame kwenye mdomo wa rejeta wakati yeye anawasha na kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Mapovu yalianza kupanda, madogo, mfululizo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Injini ile ilikuwa ya baridi, kwa hiyo yale hayakuwa maji yanayochemka. Ni moshi wa silinda uliokuwa unapenya kuingia kwenye maji. Injini ya 1KZ ni ngumu ikitunzwa, ila silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na ikishachemshwa mara moja vizuri hupasuka katikati ya vali. Mtu alitia maji ya bomba kwenye rejeta miaka na miaka, ikaziba, gari likachemka, likapakwa rangi, likaletwa sokoni. Dalali alikasirika, akatuambia hatuna pesa. Tukaondoka.

Tuliangalia mengine matatu. La kwanza lilitoka Japani kwenye baridi, kule wanakomwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Fundi aligonga chasisi kwa bisibisi karibu na springi za nyuma, na bisibisi ikaingia. La pili kilometa zilisomeka 98,000, wakati raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma na usukani umekuwa laini kama kigae. La tatu mwenye jina kwenye kadi hakupatikana.

Tulilonunua lilikuwa Njiro, kwa mzee mstaafu. Namba C, RZJ95, gia otomatiki, mwaka 2000, rangi ya kijani iliyobabuka kwenye boneti na juu ya paa. Madalali wawili walishalipita wakisema limechoka. Mzee alitoa faili la kadibodi lenye risiti za kila oili aliyobadilisha, nyingine wino umefifia usisomeke. Boneti ilikuwa ya baridi. Liliwaka mara ya kwanza, bila moshi. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ilikuwa nyekundu, safi. Chasisi ilitoa mlio wa chuma kizima mwanzo hadi mwisho. Fundi akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, akapangusa kwenye kitambaa cheupe, akanusa, akanipa na mimi ninuse: nyekundu, haijaungua. Mzee alitaka 24,500,000. Tulimalizana kwa 21,000,000, mkataba ukasainiwa kwa wakili, nikiwa nimeshaangalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari.

Milioni tano zilizobaki hatukuzigusa kwa kitu kingine, na zilihitajika karibu zote. Rejeta mpya, mipira ya maji na themostati, 1,100,000. Rejeta ya zamani haikuwa imevuja, lakini kwenye Prado 95 ya otomatiki oili ya gia boksi hupita ndani ya rejeta ili ipoe. Rejeta ikioza kwa ndani, maji na oili vinachanganyika, oili inageuka rangi ya mtindi wa stroberi, na gia boksi inakufa. Kwa rejeta ya miaka 20 sikutaka kubahatisha. Boli jointi za chini za mbele, pande zote mbili, orijino, 700,000. Fundi aliinua gari kwa jeki, akachomeka mtaimbo chini ya tairi na kulisukuma, nikaliona tairi linacheza kwa macho yangu. Boli jointi hiyo ikikatika tairi linalala, gari linaanguka upande, na wewe uko kwenye mteremko na watoto. Tafadhali, ukinunua Prado ya umri huu, usikubali za bei rahisi hapo.

Tairi nne, 1,600,000. Zilizokuwepo zilikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni palikuwa na tarakimu 3115, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2015, na mpira ulishaanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Oili ya injini, gia boksi na difu zote pamoja na filta, 450,000. Jumla 3,850,000. Kilichosalia kikaenda kwenye bima ndogo, wakili na umiliki.

Miezi 14 baadaye, limetembea kilometa kama elfu kumi. Halijatuacha njiani hata siku moja. Injini hii ya 2.7 inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna ile gharama ya kubadilisha mkanda kila kilometa laki moja. Spea ndogo ndogo nazipata Moshi siku hiyo hiyo.

Mafuta ndiyo maumivu. Napima kila ninapojaza: mjini Moshi kilometa 6 kwa lita, kwenda Arusha kwa mwendo wa 80 napata 8 na kidogo, kwenye matope sitaki hata kuhesabu. Kwa mwezi ni lita 110 hivi, zaidi ya laki tatu, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei nasikiliza kwa makini. Nguvu nayo ni ya wastani. Tukiwa wanane na mkungu wa ndizi nyuma, kupandisha Kibosho ni kwa subira, gia ya pili, na lori likiwa mbele silipiti. V6 ya 3.4 ingepanda vizuri zaidi, ila ingekunywa zaidi na ina mkanda wa taimingi. Nilichagua nikijua.

Siti ya nyuma kabisa ni ya watoto. Mtu mzima atafika Arusha magoti yamegusa kidevu. Siti zote zikifunguliwa, mizigo inabaki na nafasi ya kikapu kimoja na mabegi mawili, kwa hiyo Desemba tulifunga keria juu. Baba watoto analaumu shokapu za nyuma, kwamba gari linayumba kwenye kona za Kikafu, na ni kweli. Zinasubiri bonasi yake.

Kama unaishi mjini na huna mlima wa kupanda, sikushauri ununue gari hili. Pesa ya mafuta itakuchosha bure. Na kama milioni 21 ndizo zote ulizonazo, tafuta la 17, au subiri.

Mwezi wa Nne mwaka huu ulikuja na mvua zake. Kwenye ile kona ya pili nilisimama kabisa, nikasukuma kijiti kidogo cha gia kutoka H, ya barabara ya kawaida, hadi HL, inayofunga difu ya katikati ili tairi za mbele na za nyuma zivute pamoja, taa ya difu ikawaka kwenye dashibodi, nikaachia breki. Tairi za mbele zilitafuta kidogo, zikashika, tukapanda polepole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Pale juu pagumu kweli kweli nilitumia LL, difu ikiwa imefungwa vile vile ila kwa gia nzito ya polepole. Ukirudi kwenye lami kavu irudishe H, usisahau, vinginevyo unaisokota bure gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, hakusema neno hadi tulipozima. Tatizo lake lilikuwa kushuka, maana gari liko juu na goti lake halijarudi sawasawa. Seremala wa Pasua amenitengenezea kigoda cha mninga chenye ngazi moja, kimefungwa raba ya tairi juu kisiteleze. Kinakaa chini ya siti yake, na mjukuu wa mwisho ndiye anayekitoa kila tukifika.