Nimehamia Tabata: Intaneti na King'amuzi Gani Nimechagua?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo nipo kwangu, Tabata, ghorofa ya tatu, mabegi bado yamefungwa kama mnavyoona hapo nyuma. Majina ya vifurushi mnayajua, siyarudii. Nataka mwone hii ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani.

Waya wa faiba umeingilia mlangoni, na fundi alitaka kuifunga hapohapo mlangoni, amalize, aondoke. Nikamwambia kaka, subiri kwanza. Angalieni simu yangu. Nimelipia kasi ya megabiti 30 kwa sekunde. Hapa mlangoni napima... 29. Safi kabisa! Twendeni sebuleni... 26. Sasa chumbani, kuta mbili za tofali za saruji katikati... mnaona? 4! Nne, jamani, na hela ni ileile ya 30! Ngoja nihamie ile Wi-Fi ya gigahetzi 2.4, ruta inatoa zote mbili, maana hii ya gigahetzi 5 ina kasi ila ukuta inauogopa... 11. Afadhali, lakini bado inaniuma.

Sasa tazameni. Ruta naivuta kwa waya mpaka koridoni, katikati ya nyumba. Narudi chumbani, mlango nimefunga... 24! Kampuni ileile, kifurushi kilekile! Fundi akija, usisaini karatasi yake mpaka upime chumbani.

Na mnaoniandikia "nimelipia 30 mbona napakua 3 tu", hizo 30 ni megabiti, hiyo 3 unayoiona ukipakua ni megabaiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: 3.75 ndiyo mwisho wake. Hapo hujaibiwa.

Ruta za 5G za mitandao ya simu? Kwa mpangaji nazipenda, unachomeka kwenye umeme, ukihama unaondoka nayo. Lakini mnara mnagawana na mtaa mzima. Nilikotoka nilikuwa na moja, ikifika saa mbili usiku watu wamerudi makwao, video inazunguka tu. Nimechoka nayo.

Haya, king'amuzi. Hapa mpira ndio unaoamua. Ligi Kuu yetu iko Azam, mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la soka Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ligi ya England iko DStv. Kwa mwenye mfuko wa king'amuzi kimoja, ulizaneni kwanza nyumbani nani anatazama nini.

Mimi nilihamia hapa nikisema dishi basi, natazama kwa programu kwenye intaneti. Nimebadilika. Juzi jirani mwenye dishi anashangilia goli, ukuta unatikisika, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja! Goli nimeshalijua kabla sijaliona. Hapana. Dishi mvua kubwa ikinyesha linakata, ni kweli, lakini goli utaliona kwa wakati wake. Ila muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta, wengine wana dishi moja la wapangaji wote juu ya paa, unalipia king'amuzi tu.

Ijumaa hakuna video. Jumamosi nalifunga dishi tukiwa laivu. Pimeni chumba chenu cha mwisho, mniandikie hapo chini kinasoma ngapi.