Uzoefu wangu wa masta ya uandishi wa habari, nani aende na nani asubiri kwanza

Naulizwa sana kama masta ya uandishi wa habari ina faida au ni cheti tu cha kutundika ukutani, sasa naandika nijibu wote kwa pamoja. Niliingia nikiwa tayari nipo kazini, na digrii yangu ya kwanza ilikuwa ya mambo mengine kabisa. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila faida yake haipo pale wengi wanapoitafuta.

Watu wanadhani unaenda kufundishwa kuandika. Hapana. Kuanza na jambo kubwa halafu madogo yafuate chini utajifunza kazini haraka tu ukiwa na mhariri mkali. Kitu ambacho kazini sikukipata ni mtu wa kukaa na stori yangu mstari kwa mstari akiniuliza, hii umeijuaje, nani kakwambia, karatasi yenyewe umeiona au umesimuliwa? Chumba cha habari hakina huo muda, stori inakatwa, inatoka, unarukia nyingine na hujui hata kwa nini walikata pale. Kwa mwalimu wetu wa habari za uchunguzi kila sentensi ilikuwa lazima iwe na ushahidi wake pembeni, chanzo nani, tarehe gani, nyaraka ipi, na isiyokuwa nao inafutwa hata kama ni tamu vipi. Ilinichosha sana mwanzoni lakini ndo kitu ninachokitumia kila siku mpaka leo, na peke yake kinalipa ada yote.

Halafu data. Zile nyaraka za Panama Papers za 2016, za siri zilizovuja kuhusu kampuni za nje ambazo matajiri wanafichia mali, zilikuwa milioni 11.5, gazeti la Süddeutsche Zeitung la Ujerumani lilizipata likazifanyia kazi pamoja na ICIJ, mtandao wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, na mamia ya waandishi wa nchi nyingi, maana hakuna mtu mmoja anayeweza kusoma mzigo ule kwa macho. Hapo ndo nikaelewa kwa nini tulikuwa tunakomaa na Excel na SQL, lugha ya kompyuta ya kuchambulia data, wakati wenzetu wanatuuliza nyie mnasomea uhasibu au? Sheria nayo usiidharau, hasa ya kashfa, ukiijua vizuri unaandika kwa kujiamini zaidi maana unajua mpaka uko wapi.

Ambacho sikukipenda ni muhula wa nadharia. Nadharia zenyewe ni nzuri jamani, mfano utafiti wa McCombs na Shaw kwenye uchaguzi wa Marekani wa 1968, kwamba vyombo vya habari vinachangia watu wayaone mambo gani kuwa ndiyo makubwa, hiyo ni ya kujadili darasani mpaka jioni. Sisi tulisomewa slaidi basi.

Kwa hiyo angalia masta unayoomba ni ya aina gani, zinafanana majina ila ni vitu tofauti. Columbia ya New York, shule iliyofunguliwa 1912 kwa pesa alizoacha mmiliki wa magazeti Joseph Pulitzer, wana MS ya vitendo, na wana MA ya mtu aliyeshazoea kazi anayetaka kubobea eneo moja kama siasa, uchumi, sayansi au sanaa. Vyuo vingine ni utafiti mwanzo mwisho, hiyo ni ya anayetaka kufundisha. Kama una kazi nzuri na mhariri anayekusahihisha, na ada itabidi uikope yote, mimi ningesema subiri, tafuta ufadhili kwanza, ile masta ya Mundus Journalism inayoratibiwa na chuo kikuu cha Aarhus kule Denmark imekuwa na ufadhili wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, kwa miaka mingi, anzia hapo.

Na kabla hujalipa chochote omba uone stori za wanafunzi waliotangulia zilizochapishwa kweli, halafu mtafute anayesoma pale sasa hivi umuulize ni nani anasahihisha kazi zao na zinarudi baada ya muda gani. Akikwambia wanarudishiwa maksi tu bila maelezo, achana nacho tafuta chuo kingine.